Mhitimu na Chuo Chake: Fahari au Deni?

Miongoni mwa mambo yanayostahili kuchunguzwa na kila mwenye kuutakia mema utamaduni wa taifa letu ni uhusiano wa mtu aliyesoma na mahali alipopatia elimu yake. Katika nchi nyingi za dunia mhitimu wa chuo kikuu haachani na chuo chake siku anapokabidhiwa shahada. Hukichangia fedha, hukisifu mbele ya watu, huvaa rangi zake, hukutana na wenzake mwaka baada ya mwaka, na akifa huenda akakiachia sehemu ya urithi wake. Kwetu husikika malalamiko kwamba wahitimu wetu hawana moyo huo, na kwamba wakishateremka Mlimani hawageuki nyuma. Nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini yameanzia mahali pasipo. Kabla ya kuuliza mhitimu wetu anakipenda chuo chake kwa kiasi gani, yatupasa tuulize ni nani aliyemsomesha, na kwa hiyo ni nani anayemdai.

Tuanze na lugha, maana lugha ni ghala ya utamaduni. Waingereza na Wamarekani hukiita chuo walichosoma kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya mama mlezi, na mhitimu wakampa jina la Kilatini lenye maana ya mtoto aliyelelewa. Kiswahili nacho hakikukosa fikra hiyo. Mwanafunzi ni mwana, mwanachuo ni mwana, na hata bingwa wa elimu ya dini aliyejaa mvi bado huitwa mwanachuoni. Neno chuo lenyewe hapo kale lilikuwa na maana ya kitabu, kisha likawa jina la mahali pa kusomea kitabu. Na neno kuhitimu wazee wa pwani walilitumia hasa kwa mtoto aliyeimaliza Kurani yote mbele ya mwalimu wake.

Hapo pana jambo la kutazamwa kwa makini. Mtoto yule alihitimu mbele ya mtu, wala si mbele ya jengo. Uaminifu wake wa maisha aliuweka kwa aliyemfundisha, na kwa wale waliomfundisha mwalimu wake. Kule Lamu, kwenye Msikiti wa Riyadha uliojengwa na Habib Saleh, watu hukusanyika kila mwaka kwa Maulidi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Wengi wao hawakumwona Habib Saleh kwa macho, bali ni wanafunzi wa wanafunzi wake. Wanachokifuata ni mlolongo wa watu waliopokezana elimu mkono kwa mkono.

Jando nalo lina mafunzo kama hayo. Vijana walioingia kumbini pamoja hubaki ndugu hadi uzeeni, wakasaidiana katika harusi na misiba, na kungwi wao huheshimiwa kama mzazi. Lakini kumbi lenyewe, kwa desturi ya makabila mengi ya nchi hii, huchomwa moto mafunzo yanapokwisha. Wazee walijua wanachokifanya. Walitaka kijana atoke na udugu na wajibu, asibaki akilililia banda.

Asije mtu akadhani, hata hivyo, kwamba uaminifu kwa shule ni kitu kigeni kilicholetwa juzi. Mwaka 1888, katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, lilianza kuchapishwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Walimu waliotoka Kiungani walikuwa wametawanyika mbali: Magila katika Bonde, Masasi upande wa kusini, na hata kando ya Ziwa Nyasa. Gazeti lile liliwapelekea habari za wenzao na za shule yao, na wao wakaandika habari za vituo vyao. Kwa hiyo hata mawasiliano ya wahitimu, ambayo leo huhesabiwa kuwa mambo ya Ulaya na Marekani, yalikwisha kupigwa chapa kwa lugha yetu zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Lakini kwa nini uaminifu huo ulichipua Kiungani? Jibu linapatikana katika asili ya wanafunzi wenyewe. Shule ile ilianzishwa kwa ajili ya watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wengi wao hawakujua tena kijiji chao kilikuwa wapi, wala mama yao yu hai au amekufa. Mtu asiye na ukoo alipewa shule, naye akaifanya shule kuwa ukoo. Hapa ndipo ninapoona kanuni moja inayotusaidia kuelewa tofauti za mataifa: chuo hupata uaminifu wa mwanafunzi kwa kadiri kinavyochukua nafasi ya kitu kingine ambacho mwanafunzi huyo hana, au ambacho amekiacha.

Tuipime kanuni hiyo kwa kuzunguka dunia kidogo. Nchini Marekani kijana huondoka kwao, akasoma jimbo moja na kufanya kazi jimbo jingine, na mara nyingi hazeekei alikozaliwa. Chuo humpa kijiji cha kurudia, na kila mwaka humwita katika sherehe za kurejea nyumbani, wala hakosei kuziita hivyo. Nchini Uingereza vyuo vya Oxford na Cambridge vimeshindana kwa mbio za makasia tangu mwaka 1829, na mzee wa miaka 80 bado hushangilia upande wake kama kijana. Kule Japani timu za besiboli za vyuo vya Waseda na Keio zimekabiliana tangu mwaka 1903, na siku ya mchezo ofisi nzima hugawanyika pande mbili. Michezo hiyo ni furaha isiyo na ubaya. Lakini nyuma ya furaha, katika mataifa hayo yote, kuna faida pia. Mhitimu wa chuo kikubwa humfungulia mlango mhitimu mwenzake. Tabaka la watawala hujitambua kwa jina la shule kama vile zamani lilivyojitambua kwa jina la nasaba.

Ugonjwa huo haukutukosa na sisi. Mimi niliishia kidato cha nne, na nimetumika serikalini kwa miaka mingi chini ya wahitimu wa vyuo mbalimbali, wengi wao wakiwa watu wa haki. Lakini katika ofisi moja niliyoitumikia, barua ya kuomba kazi ilipofunguliwa swali la kwanza lilikuwa, "Huyu ni wa chuo gani?" Mwenye kujibu jina lililotakiwa aliitwa ndugu, na mwingine faili lake likawekwa chini ya mafaili. Tuliukataa ukabila wa damu kwa jasho jingi, tukiwachanganya vijana wa mikoa yote katika shule za bweni na katika Jeshi la Kujenga Taifa. Haitafaa tuupokee ukabila wa joho.

Sasa tukitazame chuo chetu wenyewe. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Kwa miaka kadhaa kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Je, fedha za kukiendesha zilitoka wapi? Vitabu vya historia hutaja Serikali na misaada ya nchi rafiki, na ni kweli. Lakini Serikali haina shamba. Hupata kwa wananchi.

Hapo ndipo Korogwe inapoingia katika habari hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge, na miche 62 tu ndiyo iliyofika Pangani ikiwa hai. Reli ilipofika Korogwe mwaka 1902, mkonge uliifuata njia hiyo, hata bonde zima kuanzia Hale hadi Magunga na Ngombezi likawa mistari ya kijani isiyokwisha. Mwaka ule wa 1961, mkonge ndio ulioongoza mauzo ya Tanganyika nchi za nje, na katika miaka hiyo ya mwanzo ya Uhuru nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Uliwekwa mezani kando ya pamba na kahawa, na mezani hapo ndipo Chuo Kikuu kilipokula.

Waliokata mkonge huo walikuwa manamba. Walitoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji, wengine wakiletwa na Silabu, shirika lililoundwa na wenye mashamba mwaka 1944 kwa kazi ya kuwakusanya vibarua. Waliamka kabla ya jua, wakakata majani yenye miiba iwatobowayo mikono, wakayafunga, wakayabeba hadi penye reli ya shamba. Kipande hakikujazwa mpaka siku 30 za kazi zitimie. Wengi hawakurudi kwao, na makaburi yao yako hapa kwetu. Ni wachache mno kati yao waliopata kumwona mtoto wao akivaa joho.

Kuna jambo moja katika historia ya Marekani ambalo linafaa kusomwa hapa. Chuo Kikuu cha Harvard, chenye akiba kubwa ya fedha kuliko chuo chochote duniani, kilipewa jina la John Harvard, aliyefariki mwaka 1638 na kukiachia chuo hicho kichanga nusu ya mali yake na vitabu vipatavyo 400. Watu wengi hudhani kwamba alikuwa mhitimu wake. Hakuwa. Yeye alisoma Cambridge, Uingereza. Msingi wa chuo kinachosifiwa kwa uaminifu wa wahitimu uliwekwa na mtu ambaye hakusoma hapo. Basi na kwetu ni vivyo hivyo. Mkata mkonge wa Ngombezi alikipa chuo ambacho hakukisoma, na ambacho pengine hakujua kipo. Tofauti ni kwamba John Harvard alitoa kwa hiari akapewa jina na sanamu, na manamba alitoa bila kuulizwa, na hakuna ukumbi unaoitwa kwa jina lake.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1964, alipowasilisha Bungeni Mpango wa Miaka Mitano, alimfananisha mwenye kupewa elimu ya juu na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, alisema, ni msaliti. Mtu wa mjini huenda akausikia mfano huo kama pambo la maneno. Mtu wa Handeni hausikii hivyo, maana historia ya wilaya yake imejaa miaka ya ukame, na watu wake wanajua maana ya familia kukubaliana ni nani ale ili aweze kutembea hadi penye mahindi.

Miaka miwili baadaye mfano ule ulijaribiwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kuukataa utaratibu mpya wa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara yao ya mwanzo. Rais alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na zaidi ya wanafunzi 300 wa Chuo Kikuu walirudishwa makwao. Wengi walikubaliwa tena mwaka uliofuata. Mhakiki mwenye haki hatasema kwamba wanafunzi hawakuwa na hoja hata moja. Kulaumu mishahara minono ya wakubwa kulikuwa kusema kweli, na punguzo lile la asilimia 20 ni ushahidi. Lakini adhabu yenyewe ina fundisho: kijana aliyesahau anayemdai alirudishwa kwa anayemdai. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likajaribu kulifanya fundisho hilo kuwa utaratibu, kwa kumtaka mwanafunzi afanye kazi kwanza ndipo aende chuoni akiwa amependekezwa na wale aliofanya kazi nao. Utaratibu huo ulilegezwa, kisha ukaachwa. Ulikuwa na dosari zake, maana pendekezo la mwajiri au la tawi la chama huweza kununuliwa kwa kujipendekeza. Pamoja na hayo, ulikuwa na swali sahihi ndani yake.

Swali hilo leo limepewa jibu jingine. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na marekebisho ya mwaka 2016 yakapandisha makato ya mhitimu kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Siipingi Bodi. Fedha zinazorudi husomesha watoto wengine, na hilo ni jambo jema. Lakini tuwe waangalifu kuhusu linalotokea moyoni. Deni lililokuwa la shukrani limegeuzwa kuwa tarakimu katika karatasi ya mshahara, na siku tarakimu hiyo inapofika sifuri mhitimu hupumua na kusema, "Sidaiwi tena." Kumbe alicholipa ni ada na posho. Zahanati isiyo na mganga, mbunge asiyesimamiwa, mkulima wa machungwa wa Handeni anayepunjwa bei na mchuuzi kwa sababu hakuna aliyemfundisha hesabu za soko, hayo hayamo katika karatasi ya mshahara.

Tazama pia majengo. Mabweni makubwa ya Mlimani yaliyofunguliwa mwaka 2017 kwa wanafunzi 3,840 yalijengwa na Serikali. Maktaba kubwa iliyofunguliwa mwaka 2018 ilijengwa kwa msaada wa China. Hata jirani zetu wa Makerere, jengo lao kuu la mwaka 1941 lilipoteketea kwa moto tarehe 20 Septemba 2020, wahitimu wa nchi zote za Afrika Mashariki waliomboleza kama waliofiwa, na Serikali ya Uganda ndiyo iliyobeba mzigo wa kulijenga upya. Maombolezo yale yalikuwa ya kweli. Yanathibitisha kwamba upendo upo. Kinachokosekana ni desturi ya kuugeuza upendo kuwa tendo, na katika hilo Wamarekani wanaweza kutufundisha: kuweka daftari la wahitimu, kuwaandikia, kuwapa hesabu ya kila shilingi waliyotoa, na kupokea kidogo cha mwalimu wa shule ya msingi kwa heshima ile ile inayopewa kingi cha tajiri.

Nasisitiza, hata hivyo, kwamba tukijifunza namna tusisahau maana. Chuo cha watu binafsi chaweza kuridhika mhitimu anapokirudishia yeye aliyekichangia. Chuo kilichojengwa na umma hakiwezi kuwa mwisho wa shukrani. Ni njia tu ya kuipitisha. Kwa muda mrefu picha ya Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani ilichapwa nyuma ya noti ya shilingi 500, mpaka noti hiyo ilipoanza kupishwa na sarafu mwaka 2014. Mama muuza ndizi wa stesheni ya Korogwe aliukunja ukumbi ule ndani ya pindo la khanga yake, akautumia kununulia chumvi. Sidhani kama aliutambua. Lakini ulikuwa wake kwa haki kamili kuliko wengi waliopiga picha mbele yake na majoho yao.

Nilipata kutunga ubeti mmoja juu ya jambo hili, nao ni huu:

Ulopanda mlimani, joho refu ukavishwa,
Wako walo mashambani, wengi hawakufundishwa,
Kwa jasho la mkongeni, ada yako walipishwa,
Usiligeuze deni, fahari ya kuonyeshwa.

Kwa walimu na wanafunzi watakaosoma makala haya, napenda kuongeza neno la vitendo. Uaminifu wa mhitimu hauanzi chuo kikuu. Ukimuuliza Mtanzania wa makamo akutajie rafiki zake wa kufa na kuzikana, mara nyingi atakutajia wale wa bweni la sekondari. Hapa Korogwe tuna Chuo cha Ualimu, tuna na shule ya sekondari ya wasichana, na wahitimu wao wamesambaa katika vijiji vingi vya nchi. Je, majina yao yameandikwa wapi? Nani anajua ni wangapi wanafundisha katika shule zisizofikika wakati wa masika? Darasa la Historia au la Kiswahili linaweza kuianza kazi hiyo kwa daftari la kurasa 96: kuwatafuta waliosoma hapo, kuwaandikia, kuuliza wanafanya nini na wanamfanyia nani. Vijana wa Kiungani waliweza, wakiwa na mashine moja ya chapa na barua zilizokwenda kwa miguu.

Na katika daftari hilo pawepo ukurasa mmoja wa majina ya watu ambao hawakusoma hapo kabisa: aliyefyatua matofali ya darasa, aliyepika ugali wa bweni, aliyelipa kodi kwa mkonge. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Makerere, akasoma na Edinburgh, lakini wananchi hawakumwita kwa jina la chuo chochote. Walimwita kwa kazi aliyowafanyia. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na deni hili hulipwa kwa watu walio hai. Manamba wengi wamekwisha kufa. Wajukuu wao wako madarasani hivi sasa, Ngombezi, Magunga na Hale, na baadhi yao hawana mwalimu wa hesabu.